Mama Webster na Kitabu cha Alama

Wadogo zangu wa ofisi ya mizigo, mliniomba niwaandikie machache kabla sijafunga sanduku langu. Ya nani alipandishwa cheo na nani alirukwa mtayasikia kwingine, wasimulizi wake hawakosekani. Mimi nitaandika habari za alama. Nyinyi mmezikuta zimebandikwa ukutani mkadhani zimekuwapo tangu dunia iumbwe. Tena mwaka huu alama hizo zimenitia aibu ambayo sikuwahi kuipata maishani, na sitaki niondoke nayo peke yangu.

Nilifika Guangzhou nikiwa mjane, nimeacha kazi ya ukarani wa maktaba katika shule moja ya Mombasa. Shemeji yangu alinitafutia nafasi kwa wakala wa mizigo, ghorofa ya juu ya jengo la Tianxiu. Ofisi ilikuwa na meza mbili, mizani moja na mlango usiofungika. Siku ya kwanza nilipewa futi ya kupimia, kalamu ya wino mzito na maneno matatu: pima, andika, hesabu. Marobota yalikuja kutoka soko la nguo la Shahe na kutoka vyerehani vya mtaa wa Kangle. Kontena moja lilibeba vitu vya watu ishirini, wengine wakishushiwa Mombasa, wengine Dar es Salaam na kuendelea kwa lori mpaka Lubumbashi.

Wiki ile nikaandika majina ya watu kama walivyojitaja. Tulikuwa na akina John watano, akina Kabongo wanne, na Mama Grace wawili. Mama Grace wa Nairobi alikuwa akiuza nguo za watoto wachanga. Mwezi uliofuata alifungua robota lake akakuta ovaroli za wachimba migodi. Alinipigia simu, hakupandisha sauti hata kidogo. Akasema, "Dada, wateja wangu bado hawajafika umri wa kuchimba shaba." Nililia chooni.

Tukajaribu nambari. Wapakizi wa Kichina hawakutaka kushika mzigo wenye nne, kwao nne ina mkosi, na wafanyabiashara wetu walipojua kwamba nane ina bahati wote wakaitaka. Kwa siku tatu mlango ule usiofungika ulijaa watu wakigombania nane.

Ndipo nikakumbuka kitabu. Shule yetu ilipovujiwa maktaba, vitabu vilivyolowa vilitupwa, nami nikaokota kimoja kinene kinachoeleza majina ya koo za Waingereza, yametoka wapi na yana maana gani. Nilikuja nacho Uchina kwa sababu, baada ya msiba wangu, nilitaka kitabu ambacho hakuna mtu anayekufa mwishoni. Nikafikiri, majina haya hakuna Mswahili wala Mkongo aliye nayo. Nikiwapa hayo yawe alama za mizigo, nani atagombana na nani?

Aliyeyapa uhai ni Mzee Liang, msimamizi wa godauni letu. Hilo neno godauni, sisi Mombasa tunadhani ni la Kiingereza. Kurasa za mwisho za kitabu changu, ambazo ni za maneno, zinasema Waingereza walilichukua kwa Wamalai, nao Wamalai inasemekana walilipata kwa Wahindi. Limezunguka pwani zote hizo likaja kunikuta huku. Mzee Liang alikuwa na brashi ya manyoya na mkono wa ajabu. Hakujua kusoma herufi zetu hata moja, aliziiga kwa macho, na zikatoka nzuri kuliko zangu. Alinifundisha kuandika pande tatu za robota, maana upande wa nne utalaliwa. Alinifundisha kusubiri wino ukauke kabla ya kamba. Ila alikuwa na sharti moja.

"Maana yake nini?" aliniuliza siku ya kwanza, brashi mkononi.

Nikamwambia kwa Kichina changu cha sokoni kwamba maana haina haja, ni alama tu.

Akaiweka brashi chini. Akasema hawezi kuandika vizuri kitu asichojua maana yake, mkono unakwenda kama wa mlevi.

Basi ikawa desturi. Kila mteja mpya nilimfungulia kitabu, nikamtafutia jina, nikamweleza maana mwenyewe kwanza, kisha Mzee Liang. Ramsbottom, bonde la vitunguu saumu vya mwituni. Thwaite, mahali msitu ulipofyekwa. Makepeace, mpatanishi, nikampa mtu mmoja mgomvi sana kwa makusudi, na haikusaidia. Bwana mmoja wa Kajiado alipata Coward, na wenzake wa Nairobi wakamcheka wiki nzima, kwa vile katika Kiingereza cha leo neno hilo ni mwoga. Nilimwomba radhi nikataka kumbadilishia.

"Hicho kitabu kinasemaje?" akauliza.

"Kinasema mchunga ng'ombe. Ndiyo asili ya jina la ukoo."

"Basi niachie. Baba yangu alichunga mpaka anakufa."

Nilichojifunza mle ni kwamba mengi ya majina yale yalikuwa kazi za watu. Walker alikuwa mtu wa kukanyaga vitambaa vilivyoloweshwa ili nyuzi zake zishikamane. Dexter alikuwa mwanamke wa kutia nguo rangi. Kazi ikawaganda hata vitukuu wakaitwa hivyo, na lile jina ambalo mama mzazi alimwitia mtoto halijulikani tena. Nililisoma hilo mara nyingi na kila mara nikalipita.

Mama Webster alikuja miaka ile ya mwanzo. Alikuwa mwanamke wa Lubumbashi mwenye miwani mikubwa, kilemba kichwani siku zote, na mguu wa kushoto unaomsumbua. Alinunua vitambaa vya majora katika masoko yaliyo jirani na Kangle. Kabla hata ya kunisalimu alishika ncha ya mtandio wangu kwa vidole viwili, akausugua, akachomoa uzi mmoja, akauinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Walikuambia hii ni pamba?"

"Ndiyo, walisema pamba."

"Banakudanganya, mama. Hii ni nailoni."

Nilicheka bila kupenda. Nikafungua kitabu, na sikuhitaji kutafuta sana. Nikamwambia Webster ni mwanamke mfumaji wa nguo, zamani kule Uingereza. Akalirudia jina taratibu, kwa lafudhi yake ya Kifaransa.

"Ile jina njo yangu," akasema, yaani ndilo langu. "Usimupe mtu mwingine."

Sikumpa mwingine. Kwa miaka mingi alikuja mara mbili au tatu kwa mwaka, akakaa kwenye kile kigoda cha bluu mnachowekea mashine ya chai. Aliniletea viwavi vikavu kutoka kwao, navyo nilivipokea kwa heshima zote na kumpelekea Mzee Liang, aliyevila kwa heshima zaidi. Alinieleza habari za kwaya yake, za nyumba aliyokuwa akiijenga chumba kwa chumba, za binti yake aliyekuwa akisomea ualimu. Simu ya kifo cha mumewe ilimkuta hapo hapo kigodani. Nilipiga magoti nikamshika mikono mpaka jioni, Mzee Liang akasimama mlangoni akizuia watu wasiingie. Mimi nilimwita Mama Webster. Yeye aliniita Mama Kitabu, na Tianxiu nzima ikaniita hivyo.

Mtauliza, hukumjua jina? Sikumjua. Hati za meli ziliandikwa kwa jina la kampuni. Pasipoti alikaa nayo mwenyewe. Kwenye simu yangu alikuwa "Webster Lubumbashi". Daftari langu la alama lilikuwa na jina la alama, mji na idadi ya marobota, basi. Mikahawani wafanyabiashara walisalimiana kwa alama: Thwaite amefika, Ramsbottom anaumwa, Dexter kajifungua. Tuliona fahari. Tulikuwa tumemaliza tatizo la akina Mama Grace, na hatukujiuliza tumelipia nini.

Safari yake ya mwisho aliacha robota moja halijashonwa mdomo. "Usilitume," akasema. "Halijajaa. Nitakuya kulimalizia." Miezi michache baadaye mipaka ikafungwa kwa sababu ya maradhi, mtaa wetu wa Xiaobei ukabaki maduka yaliyoshushwa mabati. Nambari yake ikawa haiiti. Nilijiambia amebadilisha laini, kila mtu alikuwa anabadilisha laini.

Kanuni ya ofisi mnaijua: mzigo usiochukuliwa miezi sita huuzwa. Bosi aliniuliza mara tatu kuhusu robota lile, na mara tatu nikamjibu, "Mwenyewe anakuja." Godauni tulilihama mara tatu pia. Kila tukihama Mzee Liang alikwangua vumbi akaandika upya WEBSTER juu ya gunia. Mara ya mwisho mkono wake ulikuwa unatetemeka, na ile T ikaenda upande. Alipostaafu kurudi kijijini kwao alinikabidhi brashi, akaniuliza swali moja tu.

"Mfumaji hajarudi?"

"Bado."

Akatikisa kichwa. Nadhani yeye alikwisha jua.

Sasa nafika kwenye ile aibu niliyoitaja mwanzo. Ilikuwa Jumatatu ya wiki yangu ya mwisho kazini. Vitu vyangu vilikuwa ndani ya maboksi, miguu inauma, na tangu asubuhi nimeshafukuza madalali wawili waliokuja kuulizia mizigo isiyo yao. Akaingia mwanamke wa miaka thelathini hivi, mkoba begani, amechoka.

"Jambo, mama. Samahani. Mie ni mwalimu, ninatoka Kolwezi. Ninatafuta mtu yeyote aliyemjua mama yangu. Alikuwa anafanya biashara hapa Tianxiu."

"Anaitwa nani?"

"Ilunga Mbuyu Séraphine."

Nikavuta daftari nikapitisha kidole kutoka juu hadi chini, ingawa nilijua tangu mwanzo kwamba jina hilo halimo.

"Hayupo," nikamwambia.

"Alikufa, mama. Wakati ule mipaka imefungwa. Mie sitafuti mzigo. Nusu ya mwaka alikuwa anaishi huku, na pale nyumbani hakuna anayejua aliishi namna gani. Nilitaka tu mtu mmoja anielezee. Ngoja nikuonyeshe picha."

Akaanza kutafuta simu mkobani. Mimi nikainua mkono kumzuia.

"Mwanangu, picha haitanisaidia. Hapa tunatafuta kwa daftari. Kama hayumo, meiyou." Meiyou ni ile "hakuna" ya sokoni ambayo sote tumeambiwa mara elfu, na niliisema kwa sauti ile ile ninayowasemea madalali.

Hakubisha. Akasema ghorofa za chini nazo wamemjibu hivyo hivyo, kwamba kesho atapita masoko ya vitambaa kule Kangle aone tu mahali mama yake alipotembea, na keshokutwa ana ndege. Akanishukuru. Alipofika mlangoni, pazia tulilotundika kwa vile mlango haufungiki likamwangukia begani. Akalishika kwa vidole viwili, akalisugua, akachomoa uzi, akauinua kwenye mwanga. Kisha akauachia na kwenda zake.

Nami nikarudi kufunga boksi langu. Wallahi, nilifunga boksi zima na kulipiga utepe wa gundi. Nilikuwa nimeshika la pili nilipokumbuka vidole vile viwili. Nikatazama pazia, nikatazama kigoda cha bluu. Nikashuka ngazi bila viatu vya nje, maana lifti ya Tianxiu haina haraka na mtu. Nikauliza kwa mlinzi, nikauliza kwa wauza simu, nikatoka hadi kwenye daraja la waenda kwa miguu. Alikuwa ameshapotea katika watu. Hoteli yake sikuiuliza, na hata jina lake yeye mwenyewe sikuliuliza.

Usiku ule sikulala. Nilimlilia Mama Webster, maana ndiyo kwanza nilikuwa nimeambiwa kwamba amekufa, na nilikuwa nimeambiwa na mtoto niliyemfukuza.

Asubuhi nilipanda treni ya chini ya ardhi kwenda masoko ya vitambaa. Mnayajua yalivyo, mtu anaweza kutafuta duka alilolitembelea jana asilipate. Nikajiambia, usimtafute binti, tafuta njia ya mama. Nilianza na muuza bitana aliyempenda, nikaenda kwa muuza lesi aliyemnunia mwaka mzima, nikaishia kwa laobani mmoja, yule mama mwenye duka la pamba za mistari, ambaye wakibishana bei walikuwa wanashikana mikono huku wanafokeana. Nilifika huko adhuhuri inakaribia. Binti alikuwa amekaa juu ya jora, viatu amevivua, na laobani yuko mbele yake akitikisa kichwa: meiyou, meiyou.

Nikaketi chini karibu naye.

"Nisamehe, mwanangu. Jana nilikuambia simjui mama yako. Ninamjua kuliko ninavyowajua ndugu zangu. Nilikuwa sijui jina lake."

Alinitazama kama mtu anayeogopa kuamini. "Utamjuaje mtu bila jina?"

"Alikuwa na miwani mikubwa. Mguu wa kushoto ulimuuma, akaulaumu wa kulia. Alipokuwa na furaha aliimba sauti ya pili tu, akasema ya kwanza wanaijua wote. Akiona nguo lazima achomoe uzi, hivi." Nikamwonyesha kwa ncha ya mtandio wangu. "Na wewe ndiye binti aliyekuwa akisomea ualimu. Siku uliyofaulu alininunulia soda, mimi na mzee wa godauni."

Akafunika mdomo kwa mkono akalia, nami nikalia naye. Laobani hakuelewa neno, lakini alipoona nachomoa uzi alishtuka, akajipiga paji la uso kwa kiganja. Akaleta maji ya moto katika vikombe viwili na kusimama pale kichwa kimeinama.

Alasiri nilimpeleka godauni. Njiani nilimweleza habari za alama na za kitabu, na maana ya jina ambalo mama yake aliitwa huku. Akalirudia kwa lafudhi ile ile. Nilimwonyesha robota na mwandiko wa Mzee Liang, na ile T iliyokwenda upande. Akaupitisha mkono juu ya herufi zote saba. Kisha nikampa wembe akate kamba tuliyofungia mdomo.

Ndani mlikuwa na vitambaa kumi na viwili vilivyokunjwa vizuri, kila kimoja kimebanwa karatasi kwa pini. Juu ya karatasi hizo, kwa mwandiko wa Mama Webster, pameandikwa jina la mtu, jina kamili, halikufupishwa. Binti alisoma kimoja kimoja kwa sauti: huyu shangazi, huyu wa kwaya, huyu jirani aliyemwuguza baba, huyu ni mimi. Huku sisi tunajisifu kwa daftari letu, yeye alikuwa ameandika watu wake wote sawasawa ndani ya gunia.

Nilitoa daftari mkobani. Pembeni ya neno Webster nikaandika Ilunga Mbuyu Séraphine, na tarehe ya siku ile. Wadogo zangu, daftari jipya nililowaachia mezani nimelipiga mstari katikati. Upande mmoja ni wa alama, upande wa pili ni wa jina la mtu na la ndugu yake wa karibu. Upande wa pili msiuache mtupu hata kama foleni imefika kwenye lifti. Akina Thwaite na Dexter nimewapigia niliowapata. Wapo ambao sikuwapata, na sijui nimwulize nani.

Nilipoinua kichwa binti alikuwa ameshika kitambaa cha mwisho, cha chini kabisa. Pamba ya mistari ya kijani, kutoka kwa laobani yule. Akanigeuzia karatasi nisome mwenyewe.

Iliandikwa: *Mama Kitabu. Pamba ya kweli. Nikirudi nimuulize jina lake.*

Chini yake palikuwa pameachwa nafasi.

Binti akachomoa kalamu kwenye mkoba, akaiweka karatasi juu ya goti. "Jina lako njo nani, mama?"

Miaka yote ile niliwagawia watu majina, hakuna aliyewahi kuniuliza langu, wala mimi sikuona kwamba halikuulizwa.

"Zuhura," nikasema. "Zuhura binti Mbarak."

Akaliandika katika nafasi aliyoiacha mama yake, akapuliza wino ukakauka, akanikabidhi kitambaa.